Mlima, Ngazi na Betri: Niboreshe Baiskeli Yangu ya Umeme au Ninunue Nyingine?

Swali: Shikamoo fundi. Nina baiskeli nyepesi ya umeme, kilo 16. Mota iko kwenye gurudumu la nyuma, betri ni ya volti 36 na ampea-saa 7, imefichwa ndani ya fremu, na haina gia. Nimeitumia miaka miwili kwenda kazini, kilomita 12 kwenda na 12 kurudi. Zamani chaji moja ilinipa kilomita 45, sasa nikifika 30 imezima. Kabla ya kufika nyumbani kuna mlima wa kilomita moja na nusu, na pale ndipo magoti yangu yanapolia. Naishi ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Nimeona nyingine ya kilo 19, mota katikati, gia 10, betri ya wati-saa 400 inayochomoka. Rafiki yangu anasema nisihangaike kununua, niiongezee tu hii yangu volti na nifunge betri kubwa. Mimi nina kilo 68. Kilo tatu za ziada zinanitisha. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea mambo manne kwa pamoja: mlima, betri, kilo tatu na ushauri wa rafiki. Hayana uzito sawa. Mlima ndio utakaoamua. Betri inaweza kusubiri kidogo. Kilo tatu tutazipima sasa hivi. Ushauri wa volti uuweke kando kabisa, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na kilo tatu, kwa sababu hofu hiyo ninaiona kwa watu wengi na mara nyingi imekaa mahali pasipo pake. Mlima wako hujaniambia mwinuko wake, ila kwa jinsi unavyousimulia tuuweke asilimia 8. Kilomita moja na nusu kwa asilimia 8 ni kupanda mita 120. Wewe kilo 68, baiskeli 16, begi na kufuli tuseme 6: jumla kilo 90. Kuinua kilo 90 hadi mita 120 kunahitaji nishati ya wati-saa 29 hivi. Ukiongeza kilo tatu, inafika 30. Yaani baiskeli nzito zaidi inakula takriban wati-saa moja ya ziada kwa kila kupanda, na hiyo unagawana wewe na mota. Huwezi kuihisi miguuni wala kuiona kwenye betri. Kwenye barabara tambarare tofauti ni ndogo zaidi, maana pale adui mkubwa ni upepo, na upepo haujali baiskeli yako ina kilo ngapi.

Uzito unauhisi kwelikweli mahali pawili. Pa kwanza ni pale msaada wa mota unapokatika. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza mota inatakiwa iache kusaidia ukifika takriban kilomita 25 kwa saa. Marekani, kwa baiskeli za umeme za daraja la kwanza, inafika maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Ukipita hapo, au betri ikiisha njiani, kila kilo ni yako mwenyewe. Pa pili ni ngazi, na ghorofa yako ya tatu haina mzaha.

Hata kwenye ngazi, namba ya kilo peke yake haisemi yote. Baiskeli yenye mota nyuma imelemea nyuma. Ukiishika katikati ya fremu, mkia unashuka, gurudumu linagonga ngazi, na mkono unafanya kazi mbili: kubeba na kusawazisha. Yenye mota katikati inatulia begani. Nimebeba za aina zote mbili kwa miaka mingi, na ya kilo 19 iliyosawazika hunichosha sawa na ya kilo 16 iliyolemea upande mmoja. Isitoshe, hiyo unayoitazama betri yake inachomoka. Betri ya wati-saa 400 ya baiskeli nyepesi ina kilo mbili hivi. Itie begini mgongoni, mkononi zinabaki 17.

Hizo kilo 19 zenyewe zithibitishe. Niliwahi kununua baiskeli iliyoandikwa kilo 15 na ushee. Nilipoifikisha nyumbani na kuipima ikiwa na pedeli, madigadi, taa na stendi, ilikaribia 18. Muuzaji aliniambia bila aibu kwamba kipimo chao ni cha fremu ndogo kuliko zote, bila pedeli. Kwa hiyo nenda na mizani ya kupimia watu. Simama juu yake umeishika baiskeli, kisha simama bila baiskeli, toa. Ikiwezekana ibebe hapohapo dukani ngazi moja kwenda juu. Usione haya, wewe ndiye utakayeibeba kila jioni.

Sasa mlima. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Baiskeli yako haina gia, kwa hiyo mwendo wa miguu yako umefungwa na mwendo wa gurudumu. Tuchukue mpangilio wa kawaida wa baiskeli kama hiyo, meno 52 kwenye gurudumu la mnyororo la mbele na 20 kwenye lile la nyuma, yaani sproketi. Mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita tano na nusu hivi. Tambarare, kwa kilomita 25 kwa saa, miguu inazunguka mara 75 kwa dakika, mwendo mzuri kabisa. Mlimani mwendo ukishuka hadi kilomita 8 kwa saa, miguu inazunguka mara 24 tu kwa dakika. Huko si kukanyaga tena, ni kusimama juu ya pedeli moja, kisha nyingine, na uzito wote unapitia gotini. Magoti yako hayajazeeka. Yanafanya kazi ambayo gia ingeyapunguzia.

Mota nayo inateseka vilevile, ila haiwezi kukuambia. Mota ya gurudumuni imefungwa na mwendo wa gurudumu kama miguu yako ilivyofungwa. Imetengenezwa ifanye kazi vizuri karibu na kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Ikilazimishwa kuvuta kwa kilomita 8, inazunguka theluthi moja tu ya mwendo wake. Pale umeme mwingi unaingia, na sehemu kubwa, wakati mwingine karibu nusu, inageuka joto badala ya mwendo. Mlima wako kwa mwendo huo unachukua dakika 11. Shuka juu ya mlima, gusa kava la mota kwa tahadhari, utanielewa.

Mota ya katikati inasukuma mnyororo, si gurudumu. Ukibadilisha gia, unabadilisha kwa ajili ya miguu yako na ya mota kwa pamoja. Kama baiskeli hiyo ya gia 10 ina meno 38 mbele na sproketi kubwa ya nyuma ya meno 46, kwa kilomita 8 kwa saa miguu itazunguka mara 75 kwa dakika. Ndiyo, mwendo uleule unaoufurahia tambarare. Mota inakuwa imetulia katika mwendo wake, haichemki, na wati-saa zako zinapanda mlima badala ya kupasha moto hewa.

Hapa niseme kitu ambacho watu wengi wanadanganyika nacho wanapolinganisha. Utaona mota imeandikwa nguvu ya msokoto kwa nyutoni-mita, halafu unashindanisha namba. Mahle X35, mota ndogo ya gurudumu la nyuma, ni nyutoni-mita 40. TQ HPR50, ya katikati, ni 50, na ina gramu 1,850 tu. Bosch Performance Line SX ilitangazwa kwa 55, kilo mbili hivi. Fazua Ride 60 ni 60. Zile nzito za milimani, kama Bosch Performance Line CX, zilitangazwa kwa 85. Mtu anaona 40 na 55 anasema tofauti si kubwa. Lakini 40 ile inapimwa gurudumuni na ndiyo mwisho wake. 55 ile inapimwa kwenye ekseli ya pedeli, kabla ya gia. Kwa meno 38 na 46 inafika gurudumuni ikiwa 66, toa kidogo kinachopotea kwenye mnyororo. Ukiwa kwenye gia ya kasi, meno 15 nyuma, hiyohiyo 55 inashuka hadi 22. Kwa hiyo ya katikati ni hodari kwa sababu ina gia, na mtu anayepanda mlima kwa gia ya kasi ameinunua bure. Hizi nyepesi hasa zinataka miguu iende mbio: Bosch SX hutoa nguvu yake ya juu kabisa pale pedeli zinapozunguka haraka. Ukizoea kukanyaga polepole kwa nguvu, itabidi ujifunze upya.

Kitu kingine cha kuchungulia unapolinganisha ni sensa. Nyingine inahisi tu kwamba pedeli zinazunguka, kisha inawasha mota. Ukianza kupanda inachelewa, halafu inakurusha. Nyingine inapima nguvu unayokanyaga na kukuongezea kwa kiasi hicho. Kwenye baiskeli nyepesi, ambapo mota ni ndogo na wewe bado unafanya kazi, ya pili ni bora mno. Mota zote za katikati nilizozitaja zinapima nguvu.

Tuje kwenye hiyo uliyonayo, maana hata ukiamua kuibadilisha bado utaiendesha wiki kadhaa.

Anza na meno. Ukitoa sproketi ya nyuma ya meno 20 ukaweka ya 24, nguvu unayotakiwa kukanyaga inapungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kwa kilomita 8 kwa saa miguu itazunguka mara 29 badala ya 24, na kwa kilomita 20 itazunguka kama 72. Mnyororo utahitaji kurefushwa pingili moja au mbili. Kama yako ina mkanda badala ya mnyororo, usikimbilie: mkanda haurefushwi, unanunuliwa mwingine wa urefu unaolingana, na fundi apige hesabu kwanza. Hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote kwa baiskeli yako, ingawa bado 29 ni chache. Mtu asiye na tatizo la magoti angeridhika. Wewe sina hakika, ndiyo maana nataka ujaribu.

Pili, tairi. Kama fremu na madigadi yana nafasi, toka milimita 28 nenda 35 au 38, aina laini isiyo na mpira mnene ubavuni. Baiskeli nyepesi za umeme nyingi hazina springi mbele wala nyuma, tairi ndiyo springi yako. Pampu iwe na geji, na upime kila wiki. Upepo ukipungua, baiskeli inaburuta na betri inalipa. Inua pia kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likisimama mapema huku ukisikia msuguo, pedi za breki zinagusa diski. Kasoro hizi mbili, upepo mdogo na breki inayokwaruza, zinaweza kukunyang'anya kilomita kadhaa, na watu huilaumu betri.

Vipuri vya kaboni, usukani, nguzo ya kiti na kadhalika, viache. Utaokoa gramu mia chache ambazo chupa ya maji inazirudisha.

Sasa betri. Volti 36 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 252. Kwa kilomita 45, ulikuwa unatumia kama 5.6 kwa kilomita, matumizi mazuri. Kwa kilomita 30 ni kana kwamba zimebaki 168, theluthi mbili. Lakini hesabu nyingine inanitia shaka. Safari yako ya siku, kilomita 24, ni kama nusu ya chaji. Siku tano kwa wiki, miaka miwili, unafika mizunguko kamili ya chaji 270 hivi. Seli nzuri za lithiamu, yaani vijibetri vinavyounda betri yako, hupewa makadirio ya mizunguko 500 au zaidi kabla ya kushuka hadi asilimia 80. Wewe umeshuka chini ya hapo kwa nusu ya safari. Kwa hiyo ama kuna kitu kingine kinachokula umeme, kama tairi na breki nilizotaja, ama betri imeteswa.

Betri ndogo huteseka kirahisi. Betri ya aina yako kwa kawaida ina seli 20: kumi zimefuatana kupata volti 36, na kila moja ina mwenzake ubavuni. Mota ikivuta ampea 15 mlimani, kila seli inabeba 7.5, zaidi ya mara mbili ya ujazo wake kwa saa. Betri yenye seli nyingi ingegawana mzigo huo. Ongeza kuichaji ikiwa bado ya moto baada ya mlima, kisha kuiacha imejaa pomoni usiku kucha kwenye chumba chenye joto, kila siku. Hapo ndipo uzee unapowahi.

Ipime kabla ya kuihukumu. Ichaji ijae, iache saa moja, kisha fundi apime volti. Betri ya volti 36 iliyojaa vizuri inasoma karibu na 42. Ikisoma 40 na pointi, huenda chaja haifikishi au seli zimepishana volti na saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inakata mapema. Wakati mwingine kuiacha kwenye chaja kwa saa nyingi mara mbili tatu huzisaidia zisawazike. Ikisoma 42 lakini ikifika mlimani inaporomoka ghafla, kisha inapanda tena ukipumzika, seli zimechoka. Kuanzia sasa iache ipoe nusu saa kabla ya kuichaji, na kama huna safari ndefu kesho yake, chomoa chaja ikifika asilimia 80 au 90. Usiichaji kwenye mlango au ngazi unayotegemea kutokea. Moto wa lithiamu ni wa haraka, hautoi nafasi ya kufikiri.

Kuhusu betri kubwa ndani ya fremu ileile: seli nyembamba zinazotumika sana, za kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, mwisho wake ni ampea-saa 3.5 hivi. Mbili ubavu kwa ubavu ni 7, na ndizo ulizonazo. Anayekuahidi ampea-saa 10 kwenye nafasi ileile kwa seli zilezile anakuuzia lebo. Seli nene za milimita 21 kwa 70 zinafika 5, na ishirini zingekupa wati-saa 360, ila zinahitaji fremu yenye tundu kubwa zaidi. Pia usikubali mtu achanganye seli mpya na za zamani, wala azilehemu kwa pasi ya moto. Seli huunganishwa kwa mashine maalumu ya kuchomelea vibati kwa nukta, sababu joto la pasi huziharibu ndani.

Na volti. Rafiki yako anakutakia mema, lakini hapana. Betri ya volti 48 ikijaa inafika 54.6. Kontrola yako, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, imeundwa kwa kilele cha 42. Inaweza kuungua siku ya kwanza. Ikistahimili, nguvu ya ziada inakwenda kwenye gia ndogo za plastiki ngumu zilizo ndani ya mota, na zenyewe zikilainika kwa joto la mlima zinavunjika meno. Halafu siku moja mtu achomeke chaja ya 54.6 kwenye betri ya 36 kwa kukosea. Sitaki hata kuendelea. Na pale sheria inapoweka ukomo wa wati 250 na kilomita 25, baiskeli iliyopandishwa inakoma kuwa baiskeli mbele ya sheria na bima. Baada ya hatari zote hizo, bado ungekuwa na gia moja, na magoti yaleyale.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii, upepo, breki, kipimo cha betri. Kisha sproketi ya 24, uendeshe mwezi mzima. Magoti yakitulia, baki na baiskeli yako, na hapo ndipo ununue betri mpya, ya mtengenezaji au yenye plagi na saketi ya ulinzi inayolingana nayo. Magoti yakiendelea kulia, usitie hela kwenye betri hiyo. Nenda kwenye ile ya kilo 19. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kununua betri kwanza, kisha baada ya miezi miwili kugundua kwamba shida ilikuwa mlima. Hela imekwisha na baiskeli haiuziki kwa thamani ya betri.

Ukienda kuijaribu, omba mlima. Panda kwa gia nyepesi kabisa, kisha rudia kwa gia ya katikati usikie mota inavyobadilika sauti. Zima umeme kabisa kwenye tambarare uone kama inateleza bila kuburuta. Chomoa betri na uirudishe mara tatu, kwa mkono mmoja, maana hivyo ndivyo utakavyofanya ukiwa na mizigo. Uliza kama betri hiyo na programu ya mota vinaweza kuhudumiwa na fundi yeyote mwenye kibali au ni duka moja tu, na mnyororo ukaguliwe mara kwa mara, kwani mota ya katikati huuvuta kwa nguvu na kuula haraka kuliko uliozoea. Halafu ibebe ngazi, kama nilivyosema.

Ukishapima volti, niandikie namba mbili: ile ya betri ikiwa imejaa na imepumzika, na ile inayosoma ukiwa katikati ya mlima. Kwa hizo mbili nitakuambia kama betri imekwisha kweli.